Siyo kila kitu ni Down

Mtoto halali usiku: "Ndivyo walivyo." Hapati choo siku tatu: "Ndivyo walivyo." Ana miaka minne na maneno yake hayazidi matatu: "Ndivyo walivyo watoto wa Down." Jibu hili hutoka kwa jirani, kwa mwalimu, na mara nyingine kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Mama akishalisikia mara nyingi, naye hulichukua likawa lake. Linasikika kama kukubali, na hapo ndipo lilipo tatizo, kwa sababu likishasemwa hakuna anayetafuta tena sababu.

Ukikaa na watoto hawa kwa muda, unagundua kwamba sehemu kubwa ya mambo tunayoyabandika jina la Down ni masikio yaliyojaa ute, tezi ya shingo iliyolegea, mafindofindo yanayoziba njia ya hewa, macho yasiyopimwa, na watu wazima wasioweza kunyamaza sekunde kumi wakisubiri jibu. Kumkubali mtu mwenye Down sindromu kunaanza kwa kuchambua: lipi ni la hali yake, lipi linatibika, lipi ni letu sisi tunaomzunguka.

La hali yake ni hili. Kila chembe ya mwili wa binadamu kwa kawaida ina kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo zinazobeba urithi. Yeye ana 47, na ile ya ziada ni ya namba 21. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1959 kule Paris, baada ya Jérôme Lejeune na wenzake kuzihesabu kwa darubini. Duniani kote inakadiriwa kuwa mtoto mmoja katika kila 1,000 hadi 1,100 wanaozaliwa ana hali hii. Mara nyingi ni bahati tu ya mgawanyiko wa chembe: haisababishwi na chakula alichokula mama, dawa ya uzazi wa mpango, mkono wa mtu, wala dhambi ya ukoo. Umri wa mama huongeza uwezekano, kiasi cha mmoja katika 350 akiwa na miaka 35, na mmoja katika 100 akifika 40. Hata hivyo watoto wengi wenye Down huzaliwa na mama vijana, kwa sababu vijana ndio wanaozaa zaidi. Kwa hiyo "mbona mimi bado mdogo?" si swali la ajabu hata kidogo.

Yapo mafungu matatu. Karibu asilimia 95 wana kromosomu nzima ya ziada katika kila chembe. Asilimia 3 au 4 kipande cha kromosomu 21 kimejishikiza kwenye kromosomu nyingine. Waliobaki, wachache sana, wana mchanganyiko wa chembe za 46 na za 47. Fungu la pili ndilo linaloweza kurithiwa, maana mzazi anaweza kulibeba mwenyewe akiwa mzima kabisa. Ndiyo sababu kipimo cha damu cha kuhesabu kromosomu kina faida hata kama sura ya mtoto imeshawaambia wote. Na sura peke yake haitoshi: mkunjo mmoja kiganjani, macho yaliyoinuka pembeni, mwanya kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata, hivi vyote hupatikana pia kwa watu wasio na Down. Anayeshuku aseme anashuku, kisha apime.

Namna ya kusema nayo ni kazi inayojifunzwa. Habari hii mara nyingi humfikia mama akiwa peke yake, wodini, kitanda cha pili kikisikiliza. Kisha yeye ndiye abebe maneno ya kitaalamu hadi nyumbani, amweleze mume, mama mkwe na wifi, huku akijibu maswali asiyo na majibu yake. Nusu ya lawama za "kwetu hakuna mambo haya" zinaanzia hapo. Mkunga anayejua kazi yake hufunga mlango, humsubiri baba afike au ndugu ambaye mama mwenyewe amemtaka, humpa mama mtoto amshike, hulitaja jina la mtoto kama ameshapewa, na huanza na hongera. Baada ya hapo anasema anachokishuku, anataja kipimo kitakachothibitisha, na anaandika tarehe ya kurudi. Wakati huo hakuna haja ya hotuba ya mambo ya miaka 20 ijayo.

Tuingie kwenye vinavyotibika, nianze na moyo, kwa sababu moyo una saa yake. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo, na linalojulikana zaidi kwao ni tundu kubwa la katikati linalounganisha vyumba vya juu na vya chini. Kosa la kawaida ni kumwekea kichanga kifaa cha kusikilizia kifuani, kutosikia mlio wowote, na kumruhusu. Wiki za kwanza msukumo wa damu kwenye mapafu bado uko juu, kwa hiyo tundu kubwa linaweza kukaa kimya. Kinachotakiwa ni eko ya moyo, kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, kwa kila mtoto mwenye Down, awe na dalili au asiwe nazo. Nyumbani angalia hivi: anatoka jasho kichwani akinyonya, anachoka na kuacha titi kabla hajashiba, anahema haraka akiwa amelala, uzito kwenye kadi ya kliniki haupandi. Tundu la namna hiyo hufanyiwa upasuaji vizuri zaidi ndani ya miezi 6 ya kwanza, au karibu na hapo. Likiachwa, mishipa ya mapafu hukakamaa, na ukifika wakati ambapo imeshakakamaa kabisa, daktari wa upasuaji naye hana la kufanya. Dar es Salaam upasuaji huu hufanyika katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, pamoja na kambi zinazoleta mabingwa kutoka nje. Kama fedha haipo, mtu wa kumwona ni afisa ustawi wa jamii wa hospitali, na aonwe mapema, kabla mzazi hajauza shamba au kutoweka na mtoto.

Masikio ndiyo yanayosahaulika kuliko vyote. Njia ya sikio ya mtoto huyu ni nyembamba, na mrija unaotoa uchafu wa sikio la kati kwenda kooni haufanyi kazi vizuri, hivyo ute mzito hukusanyika nyuma ya ngoma. Hana homa, halii, sikio halitoi usaha. Anasikia tu kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa la maji, wiki hii vizuri kidogo, wiki ijayo hasikii. Watu wa nyumbani wanasema ni mkaidi, anasikia akitaka. Sasa fikiria anajifunza lugha katika hali hiyo. Hasikii "s" wala "f", hasikii mwanzo wa neno, halafu tunashangaa anasema "ani" badala ya "sahani". Pima masikio akiwa mchanga, kisha kila baada ya miezi 6 mpaka afike miaka mitatu hivi, kisha kila mwaka. Nta nayo huziba haraka. Itolewe hospitali, pamba za masikio na njiti za kiberiti huisukuma ndani zaidi.

Tezi ya shingo, ile inayoitwa thairoidi, huwa na tabia ya kulegea kwao kuliko kwa watoto wengine. Dalili zake ni usingizi mwingi, ngozi kavu, kufunga choo, kunenepa na uzito wa kufanya mambo. Soma orodha hiyo tena. Ni maelezo yale yale ambayo watu wengi hutoa wakiulizwa mtu wa Down yukoje. Kipimo ni cha damu, maabara wanakiita TSH: akizaliwa, akiwa na miezi 6, akifika mwaka, kisha kila mwaka maisha yake yote. Tiba ni kidonge kimoja kwa siku, asubuhi kabla ya chakula, angalau nusu saa kabla ya chai. Wapo waliobadilika darasani ndani ya miezi michache kwa kidonge hicho tu, na mwalimu akadhani ni mbinu zake mpya.

Usingizi. Anakoroma, analala ameketi au ameinamisha kiwiliwili juu ya miguu, shingo ameirudisha nyuma, anakaa kimya kidogo kisha anashtuka na kuvuta hewa kwa nguvu. Hapo njia ya hewa inaziba. Asubuhi anaamka amechoka, shuleni anasinzia au anasumbua, na adhabu inafuata. Maabara za kupima usingizi kwetu ni adimu, lakini simu iko mkononi: mrekodi dakika mbili tatu akiwa usingizini, kifua wazi, taa ikiwaka, umpelekee daktari wa masikio, pua na koo. Video hiyo inaeleza kuliko maneno.

Macho yakaguliwe kabla ya miezi 6, maana wengine huzaliwa na mtoto wa jicho. Baadaye wengi wao hupata shida ya kuona vitu vya karibu hata wakiwa na miwani, kwa hiyo lenzi zenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, huwasaidia sana. Jambo dogo lisilogharimu kitu: waandikie kwa kalamu nyeusi nene badala ya penseli iliyofifia.

Yapo pia mambo ya jadi ambayo lazima yasemwe bila kuzunguka. Mtoto anayekohoa na kutapika mara kwa mara hupelekwa kukatwa kimeo. Mtoto huyu atakohoa na atacheua zaidi ya wenzake, hivyo yeye ndiye wa kwanza kupelekwa. Kimeo hakina kosa. Kinacholetwa na wembe huo ni kutoka damu, pepopunda na maambukizi, kwa mtoto ambaye huenda ana tundu kwenye moyo. Ulimi unaotoka nje nao haukatwi. Unatoka kwa sababu misuli ni milegevu na kinywa ni kidogo, na hurudi taratibu kwa mazoezi ya kula. Kukanda mtoto kwa mafuta ni jambo jema, lakini asivutwe shingo wala asininginizwe kwa kichwa. Mifupa miwili ya juu ya shingo kwa baadhi yao haishikani imara. Kwa sababu hiyo hiyo sarakasi na kubingirika kwa kichwa viache mpaka daktari aseme. Na aliyekuwa anatembea vizuri akianza kuyumba, kushika shingo, au kujikojolea upya, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Kulisha ni somo zima, na hapa kuna hatari inayojificha ndani ya upendo. Uji kunyweshwa kwa kiganja, mtoto amelazwa chali, pua imebanwa kidogo ili ameze: kwa mtoto mwenye misuli milegevu ya koo, uji huo huenda mapafuni, na nimonia inayofuata huitwa "kifua cha watoto wa Down". Mketishe, kichwa kiwe juu ya tumbo, kidevu kimeinama kidogo. Tumia kijiko kisicho na kina, weka uji kidogo katikati ya ulimi, bonyeza ulimi kwa upole, kisha subiri midomo ifunge yenyewe juu ya kijiko. Usikwangue uji kwenye fizi za juu, maana hapo umemnyima kazi ya midomo, na midomo hiyo hiyo ndiyo itakayosema "mama" na "baba". Anayenyonya ashikiliwe kidevu na mashavu kwa vidole, anyonyeshwe mara nyingi kwa vipindi vifupi, aamshwe kila saa mbili au tatu kwa sababu wengi hawalii njaa. Akishindwa kuvuta, maziwa yakamuliwe na kunyweshwa kwa kikombe kidogo kisafi.

Kukaa na kutembea vitachelewa. Wastani wa kutembea ni karibu miaka miwili, na wapo wanaofika minne. Mtaalamu wa mazoezi tiba, kwa mfano pale hospitali ya CCBRT Dar es Salaam au katika hospitali za rufaa, hafanyi muujiza kwa nusu saa ya mwezi. Anachokupa ni mazoezi ya kufanya nyumbani: kulala kifudifudi kwenye mkeka mara kadhaa kwa siku, dakika chache chache, kitu cha rangi kikiwa mbele. Mtoto anayekaa mgongoni au mapajani siku nzima kwa sababu "ni dhaifu" ananyimwa sakafu, na sakafu ndiyo mwalimu wake.

Sasa ya kwetu. Watu wenye Down kwa kawaida wanaelewa mengi kuliko wanayoweza kusema. Kumbukumbu ya yale wanayoyasikia ni fupi, ya yale wanayoyaona ni nzuri. Kutokana na hayo mawili unaweza kupanga karibu kila kitu. Ukimwambia "nenda chumbani ulete kanga ya bibi iliyo juu ya kitanda halafu ufunge mlango," atakumbuka mlango. Sema jambo moja, onyesha kwa mkono, nyamaza. Hesabu moyoni mpaka kumi. Watu wengi huvunja ukimya kwenye tatu: wanarudia swali kwa maneno mengine, naye anaanza kulichambua upya, wanarudia tena, mwisho wanamjibia wenyewe. Hivi ndivyo mtu anavyofundishwa kunyamaza.

Tumia ishara pamoja na neno tangu akiwa na miezi minane au tisa: kula, maji, choo, basi, tena. Hofu kwamba ishara zitamfanya asiseme haina msingi. Maneno yakija, ishara huanguka zenyewe. Hofu nyingine ni ya lugha mbili. Familia za Moshi au Mwanza huambiwa waache Kichaga au Kisukuma, waongee Kiswahili tu ili wasimchanganye. Utafiti uliofanywa kwa watoto wenye Down wanaokua na lugha mbili haukuonyesha kwamba wanarudi nyuma kuliko wenzao wa lugha moja. Ukimwondolea lugha ya bibi, umemwondoa kwenye mazungumzo ya jikoni, na huko ndiko anakojifunza mengi.

Kusoma, wengi wanaweza, na kuanza mapema kunawasaidia hata kuongea. Tofauti na "ba be bi bo bu" ya darasa la kwanza, wao huanza vizuri zaidi na neno zima. Kata boksi vipande, andika kwa maandishi makubwa MAMA, BABA, jina lake, jina la mbuzi kama yupo. Kwanza alinganishe kadi mbili zinazofanana, kisha achague kadi unayoitaja, mwisho ataje mwenyewe. Usiruke hatua ya pili, maana asiyeweza kutamka huonekana hajui kusoma, kumbe angechagua kadi sahihi kila mara. Silabi zifuate akiwa na maneno kama 30 hivi. Hesabu ni ngumu zaidi. Hapo kazi ni vizibo vya soda na sarafu halisi, siyo ubao.

Niseme kidogo kuhusu shule, maana elimu jumuishi kwetu mara nyingi inaishia kwenye kuandikishwa. Darasa lina watoto 80, mwalimu ni mmoja, na mtoto anawekwa nyuma karibu na mlango ili akitoka asisumbue. Akitoka anasifiwa kuwa hana fujo. Mwalimu aliyesomea kazi hii, wa chuo cha elimu maalumu cha Patandi kule Arusha au cha KISE pale Nairobi, anajua la kufanya, lakini hata asiyesomea anaweza mengi. Mweke mbele, mbali na mlango. Mpe hesabu tatu wenzake wakifanya kumi, zikiwa za somo lile lile. Kunakili kutoka ubaoni kunammaliza nguvu, kwa hiyo mpe karatasi iliyoandikwa tayari apige tiki au achore mstari. Choo kiwe kwa ratiba, kabla ya mapumziko na baada yake. Rafiki wa kumwongoza awe wa zamu, abadilike kila wiki, la sivyo utamchosha mtoto mmoja na utamfanya mwingine mdoli wa darasa, anabebewa begi, anafungwa viatu, anapakatwa.

Akikaa chini na kugoma, tatizo mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla. Alikuwa anachora, kengele imelia, wote wamekimbia, yeye hajui kinachofuata. Mwonyeshe dakika chache kabla: mpe sahani yake ya uji mkononi, ataelewa ni wakati wa kula. Ukimvuta mkono atajilegeza mwili mzima, na mwili mlegevu haubebeki. Fimbo humfundisha kujificha tu. Na jambo ambalo mimi nalipinga kabisa ni kumrudisha darasa la kwanza mwaka baada ya mwaka "mpaka ajue kusoma". Unaishia na kijana mwenye ndevu akikaa na watoto wa miaka saba. Apande na rika lake, kazi ndiyo ipunguzwe.

Nyumbani, ajira yake ya kwanza iwe kwenda dukani. Wengi wanashindwa kwa sababu wanaanza mwanzo. Anza mwisho. Siku za kwanza unakwenda naye, unafanya kila kitu, yeye anachofanya ni kuubeba mfuko wa chumvi kutoka mlangoni mpaka jikoni na kupokewa kwa shangwe. Akizoea, anaupokea mwenyewe kutoka kwa mwenye duka. Kisha anatoa fedha, kiasi kamili, imefungwa kwenye karatasi. Kisha anaonyesha kadi, ambayo ni kipande cha pakiti ya chumvi ya zamani kilichobandikwa kwenye boksi. Hapo wewe umesimama mlangoni, wiki nyingine umesimama kwenye kona, baadaye uko kibarazani kwako. Mwenye duka aelezwe mapema asimuulize maswali matano, na asimpe pipi ya bure. Pipi ya huruma ikitoka mara moja, kila saa atakuwa dukani, na mtaa utasema hafundishiki.

Mtaani kuna jambo linalopita bila kutazamwa: salamu. Mgeni anafika, anamsalimu mama, anauliza "huyu hajambo?" huku huyu amesimama palepale. Msalimu yeye. Mfundishe kuamkia, "shikamoo" yake hata ikitoka "kamoo" ipokelewe kwa marahaba kamili. Na akishakuwa na miaka 30, watoto wadogo wa mtaa wamwamkie yeye. Mtu mzima anayeitwa "mtoto" na watoto hatapewa kazi, hatasikilizwa kwenye kikao cha familia, na hata picha za harusi atatolewa nje kwa visingizio. Kanisani na msikitini apewe shughuli yenye jina: kugawa vitabu vya nyimbo, kupanga mikeka, kupanga viatu mlangoni. Kuombewa kila wiki ili aondokewe na alivyo siyo shughuli.

Kuna sifa inayoonekana nzuri ambayo ina sumu ndani yake, ile ya kwamba "hawa ni watoto wa upendo, wanakumbatia kila mtu". Anayekumbatia kila mtu akiwa na miaka mitano atakumbatia kila mtu akiwa na 15, na si kila mtu ni mwema. Toka mapema afundishwe kushikana mikono na wageni, kukumbatia watu wa nyumbani tu, majina halisi ya sehemu zote za mwili, na haki ya kusema "sitaki" na ikaheshimiwa hata na shangazi. Msichana afundishwe hedhi kabla haijaja: avae pedi siku kadhaa kwa majaribio ya saa moja moja, aone kwa macho mahali pa kuibandika (chora alama kwenye chupi), na hatua zibandikwe kwa picha chooni kwa mpangilio. Familia nyingine huuliza kimyakimya kuhusu kumfunga kizazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unasema katika kifungu cha 23 kwamba wabaki na uwezo wao wa kuzaa sawa na watu wengine. Tena kufunga kizazi hakumkingi na mbakaji. Kunaficha tu ushahidi wa mimba.

Kuhusu kazi, sheria ya Tanzania ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na angalau asilimia 3 wenye ulemavu, na asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo yao isiyo na riba. Watu wenye Down mara chache huonekana kwenye hesabu hizo, kwa sababu mwajiri humwazia mtu wa kiti cha magurudumu anayejua kompyuta. Kinachowafaa ni kazi yenye hatua zisizobadilika na zana inayomsaidia kukumbuka. Chukua banda la kuku. Trei ya mayai ina mashimo 30. Anayepanga mayai hahitaji kujua kuhesabu: shimo likibaki tupu, trei haijajaa. Kadi moja ya picha inaonyesha yai lililopasuka likienda kwenye ndoo ya bluu. Mwenzake aliyezoea anafanya naye kazi bega kwa bega mpaka atakapoweza mwenyewe, kisha anarudi nyuma taratibu, lakini haondoki kabisa. Hapa ndipo nafasi nyingi zinapofia: wiki ya kwanza kila mtu anasaidia na kupiga picha, mwezi wa pili msimamizi amebadilishwa, mpya hajaelezwa chochote, anamwambia mambo matano kwa mpigo, na baada ya siku chache anaandika kwamba hawezi. Mshahara apewe yeye mkononi, hata kama bahasha itahifadhiwa na dada yake.

Wanaishi muda mrefu siku hizi. Marekani mwaka 1983 wastani ulikuwa miaka 25 hivi. Sasa ni karibu 60, na upasuaji wa moyo wa utotoni una mchango mkubwa katika hilo. Maana yake ni kwamba wengi watawazika wazazi wao. Na kuanzia miaka ya 40 wengi huingia kwenye usahaulifu wa Alzheimer mapema kuliko watu wengine, kwa kuwa jeni mojawapo linalohusika liko kwenye kromosomu ile ile ya 21. Hata hapo, "ndivyo walivyo" isiwe jibu la kwanza. Anayeacha kuoga, anayenyamaza, anayepotea njia ya nyumbani, apimwe tezi, masikio, macho na meno, na aulizwe kama kuna aliyekufa au aliyehama. Huzuni ya msiba ambao hakuna aliyemweleza inafanana sana na kupoteza akili.

Ndugu watakaobaki wapewe daftari, siyo maagizo ya mdomo kitandani. Liwe na dawa na vipimo vyake, tarehe ya kipimo cha mwisho cha TSH na cha masikio, namba ya bima, chakula kinachomkwama, ishara anazotumia na maana zake, watu anaowaamini, na jinsi anavyoonyesha maumivu, kwa sababu wengi wao hawalii wala hawaonyeshi panapouma mpaka hali iwe mbaya. Mmoja anakataa chai, mwingine analala chini ya meza. Nakala moja ikae kwa anayelala naye nyumba moja, ya pili kliniki, na kila mwaka yanapofika majibu ya damu, ukurasa wa kwanza uandikwe upya.